Kwani Mimi Nilikukosea Nini?

Wiki hii acha nianze na ndege.

Mwaka jana tulichukua kasuku nyumbani. Si daftari wala mkebe wa kupimia mahindi sokoni. Kasuku mwenyewe, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati mpaka huku kwetu Kakamega. Alikuwa ameishi miaka mingi katika baa moja iliyofungwa, na walevi walikuwa wakimchokoza kwa vijiti na kumpulizia moshi. Tulianzia ofisi ya KWS, maana ndege kama huyu huwezi kumfuga hivi hivi bila kibali. Hayo yakachukua muda wake, yakaisha, tukamleta. Kifua chake kilikuwa kitupu. Manyoya aliyang'oa mwenyewe. Kasuku akizidiwa na hofu au upweke hufanya hivyo.

Nilidhani atanipenda siku ya kwanza. Nilimtafutia tundu kubwa, nikamkatia papai na mahindi mabichi. (Avokado sikumpa. Ni sumu kwao, tafadhali kama una ndege wa aina hii kumbuka.) Nilipoingiza mkono, akaniuma kidole mpaka damu. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikamfokea: "Kwani mimi nilikukosea nini?" Akanijibu kwa sauti ya mlevi, "Leta mbili baridi!" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini swali lile nilikuwa nimelimaanisha. Je, ni haki mtu asiye na kosa ashukiwe kwa sababu ya kosa la mwingine? Ukiliangalia juu juu, jibu ni hapana. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba kila mtu hubeba dhambi yake mwenyewe. Sasa mbona mimi nilipe deni la walevi?

Niliposoma biashara chuoni tulifundishwa kwamba unaweza kununua duka ukajikuta umenunua na madeni yake. Yule aliyeleta unga kwa mkopo hajali kwamba aliyekopa si wewe. Yeye anajua duka. Na kasuku alijua mkono. Mikono yote aliyoijua ilikuwa ya aina moja, na wangu ulifanana nayo kabisa. Kwa hivyo kusema kweli, hakuwa amenikosea adabu. Alikuwa na kumbukumbu nzuri tu.

Basi nikaanza kukaa kwenye stuli kando ya tundu kila jioni bila kumkazia macho, nikisoma mahubiri yangu kwa sauti ya chini. Mbegu za alizeti niliziweka kiganjani, nje ya tundu. Akirudi nyuma, nami narudi nyuma. Wiki ya saba akachukua mbegu moja. Nikafurahi kupita kiasi, nikajaribu kumshika, na hapo nikapoteza mwezi mzima. Ilibidi nianze upya kutoka kwenye stuli.

Ni katika mwezi ule nilipomkumbuka mama mmoja wa hapa kwetu. Wengi mnajua kwamba kabla sijaja, pesa za ujenzi zilipotea na maelezo hayakutolewa. Mama huyu alikuwa ametoa akiba yake. Nilipotangaza mchango mpya, alisimama akauliza risiti zitaandikwa na nani. Mimi nikamjibu mbele ya watu wote kwamba asiyemwamini mtumishi hamwamini Mungu. Wengine mkasema amina. Yeye akakaa, na tangu Jumapili ile hajarudi.

Nilikosea, wapendwa. Nilichukua imani yake kwa Mungu nikaifanya dhamana ya jina langu.

Mtu ataniambia, lakini tumeamriwa kusamehe. Ndiyo, na huenda mama yule alishasamehe zamani. Kuamini ni jambo lingine. Angalia Mwanzo 50. Yusufu alikuwa amewalisha ndugu zake Misri miaka 17, na baba yao alipofariki bado waliogopa kwamba sasa atalipiza. Miaka 17 ya wema! Yusufu hakuwakemea kwa kukosa imani. Alilia, halafu akawatuliza kwa maneno ya upole. Na Paulo, alipopeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakusema "mimi ni mtume, niaminini." Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa waandamane na ule mchango, ili asilaumiwe na mtu. Wala hakuona ni matusi.

Kuanzia mwezi huu, mchango wa ujenzi utatolewa benki kwa sahihi tatu, na yangu haimo. Hesabu zitabandikwa mlangoni kila Jumapili ya kwanza. Ukiwa na swali, uliza hadharani.

Jumanne nilienda kwa yule mama. Nilimwomba msamaha na sikumwambia arudi kanisani. Alinipa chai, akakaa kiti cha karibu na mlango, tukaongea habari za mvua. Nilipoaga hakunisindikiza. Nitapita tena wiki ijayo.

Kasuku siku hizi hupanda mkononi, asubuhi tu. Jioni bado hataki.