Unaonaje, Mwalimu?

Liko kosa moja ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa kosa, kwa sababu linafanana sana na wema. Mtu anatuletea kazi aliyofikisha nusu, anauliza: Unaonaje? Nasi tunajibu: Nzuri sana, endelea. Basi anakwenda zake na furaha, nasi tunajiona watu wapole. Mimi nimelifanya kosa hilo, na tangu siku ile sijaacha kujiuliza: mtu anayetuonyesha kazi isiyokwisha, tunamwia deni gani?

Kijana mmoja wa mtaa wetu, hapa Lubumbashi, ni mchoraji. Hatumii brashi wala kitambaa. Anachora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kioo cha tableti, na rangi zinatokea humo humo. Anapenda mambo ya nyakati ambazo hazijafika. Siku ile alinionyesha mji wetu baada ya miaka 200. Lile dohani refu la kiwanda cha shaba lilikuwapo, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake, ambacho kila mtu wa hapa anakijua. Lakini juu ya kilima palikuwa na kiwanja cha roketi, na watu wanaorudi kutoka mwezini walikuwa wakishuka na mizigo kichwani, kama mama zetu wanavyotoka sokoni. Jambo hilo la mizigo lilinipendeza kabisa. Nusu ya anga ilikuwa bado nyeupe, na watu wale walikuwa madoa ya kijivu tu, bila nyuso.

Kisha nikaona neno moja. Jua lilikuwa linashuka upande wa kushoto. Kivuli cha dohani nacho kilianguka upande wa kushoto. Kumbe kivuli kinalikimbilia jua lake!

Niliona, nikanyamaza. Nilijiambia: Mimi ni mwalimu wa dini, si fundi wa picha. Nikajiambia tena: Kazi bado haijaisha, atasahihisha mwenyewe. Lakini sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Macho ya kijana yalikuwa yanangoja sifa, nami sikutaka kuyaona yakigeuka. Nikasema: Nzuri sana, mwanangu, endelea.

Akaendelea mwezi mzima. Alichora madirisha mamia, na taa ndani ya kila dirisha. Mama yake, anayeuza unga wa mahindi, alimpa fedha, picha ikachapwa kubwa, ikatundikwa katika sala ya parokia siku ya sikukuu. Hapo alifika mzee mmoja anayechora vibao vya maduka. Alitazama muda mrefu, akauliza: «Kijana, jua lako liko wapi?» Watu walicheka. Kijana hakumtazama mzee. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, wewe hukuona?»

Wengine watasema: Neno gani hilo? Picha ya tableti si kama picha ya mafuta. Unabonyeza tu, inageuka. Nami nilifikiri hivyo, mpaka kijana aliponieleza. Picha ya namna ile inafanywa kwa tabaka, mfano wa karatasi nyepesi zilizolazwa moja juu ya nyingine: anga kwenye moja, majumba kwenye nyingine, watu kwenye nyingine tena. Maadamu majumba ni maumbo matupu, kugeuza mwanga ni kazi ya saa moja. Lakini akisha kuchora kila ukuta, kila bega na kila mzigo, mwanga umekwisha kuingia ndani ya vyote. Hakuna tena karatasi moja ya kuondoa. Hivi neno langu lingegharimu saa moja siku ile. Baadaye liligharimu mwezi wa kijana na unga wa mama yake.

Nilijitetea kwa hoja moja zaidi, ambayo naona inafaa kupimwa. Nilisema: Mji huo haujakuwako, nani basi awezaye kuuhukumu? Kweli, anayebuni ana uhuru wake. Kongo yetu imemzaa Bodys Isek Kingelez (1948–2015), aliyejenga kwa karatasi ngumu miji isiyoonekana mahali popote, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA huko New York lilionyesha miji hiyo. Mtu angemwambia: Nyumba za namna hii hazipo, angekuwa amesema upuzi. Lakini jua la kijana wetu halikubuniwa. Ni hili hili letu, na kivuli chake kinafuata sheria ile ile. Alipobuni, yeye ndiye bwana. Alipoazima kitu cha Muumba, ilimpasa kukichukua kilivyo.

Chesley Bonestell, Mmarekani (1888–1986), aliyapima hayo kwa gharama kubwa. Alichora sayari na mwezi kabla mtu yeyote hajafika huko, na alikuwa mkali sana wa kweli. Fundi wa roketi Wernher von Braun alisimulia kwamba alimpelekea michoro ya roketi ili imsaidie, naye Bonestell akairudisha na maswali makali juu ya mambo yasiyopatana. Ndiyo, mchoraji alimsahihisha mwenye elimu! Na mwenye elimu hakuficha jambo hilo, alilieleza kwa heshima. Hata hivyo picha yake kubwa ya mwezi, yenye urefu wa mita kama 12, iliyowekwa mwaka 1957 katika jumba la sayansi la Boston, iliondolewa mwaka 1970. Alikuwa amechora milima yenye ncha kali, akiwaza kwamba huko hakuna mvua wala upepo wa kuilainisha. Vyombo na watu walipofika, waliona milima ya mviringo. Kosa hilo simlaumu, maana mwaka 1957 hakuna mtu aliyekuwa amefika huko ili aweze kumwambia aliyoyaona kwa macho yake. Mimi niliweza.

Lakini nisije nikafungua mlango kwa kila mwenye ulimi. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia juu ya Apelles, mchoraji Mgiriki, aliyeweka picha zake mbele ya wapita njia na kujificha nyuma ili asikie. Mshona viatu alitoa kosa la kiatu, Apelles akalisahihisha. Kesho yake mshona viatu, amejaa majivuno, akaanza kulaumu mguu. Apelles akatoka mafichoni, akamwambia abaki na viatu vyake. Napenda kwamba alisahihisha kwanza. Napenda pia kwamba alitoka.

Na mwenye kazi naye ana wajibu wake. Akiuliza «unaonaje?» huku moyoni anaomba sifa, anamtega mwenzake. Aseme afadhali: Tazama mwanga, au: Tazama watu hawa, nyuso nitazichora nyuma.

Nilikwenda kwa mama yake kukiri. Alinisikiliza, akaendelea kupima unga, akasema tu: «Ungalimwambia, Mwalimu.»

Jumamosi iliyopita kijana alikuja tena, na picha mpya ya nusu: stesheni ya treni chini ya bahari. Safari hii nilimuuliza kwanza anataka nitazame nini. Akasema: Watu. Nikamwambia kwamba watu wake ni warefu kupita milango, hawataweza kuingia. Alikunja uso, akazima tableti, akaondoka bila kumaliza chai. Jumatatu picha ilinifikia kwa simu. Watu amewaacha vile vile. Milango ameiongeza.