Visima vya Isaka na Kisima Chetu

Neno la msingi: Mwanzo 26:12–33

 

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilibaki na wazee wa kanisa tukihesabu sadaka ya ujenzi. Mnajua tumechanga muda mrefu ili tuezeke kwa mabati, maana turubai limechakaa, na mvua ikinyesha kwaya nzima huhamia upande wa akina mama. Tukiwa bado tunahesabu, akaingia dada mmoja wa kanisa hili na jerikeni tupu. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri kwenye kile kisima cha pampu kilicho kati ya klasta yetu na kijiji cha wenyeji. Pampu ile sasa ni nzito kiasi kwamba kujaza jerikeni moja ya lita 20 kunamaliza nguvu za watu wawili. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Pasta, leo ibada nimekosa na maji nimekosa." Tangu hapo sijaweza kuandaa somo lingine.

Isaka alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti, na njaa ndiyo iliyompeleka. Akalima, akavuna mara mia, mifugo ikaongezeka, na wenyeji wakaanza kumwonea wivu. Walifanya nini? Walivifukia kwa udongo visima ambavyo watumishi wa baba yake walikuwa wamevichimba. Lifikirini jambo hili, ninyi mnaojua kutafuta maji. Maji yale wangeweza kuyanywa wao wenyewe na ng'ombe wao! Wivu ukiingia baina ya majirani, mtu huona heri wote wakose.

Isaka akaambiwa aondoke. Akaenda bonde la Gerari, akavifukua visima vya Ibrahimu na kuviita kwa majina yale yale ya zamani. Kisha wakachimba kipya, wakapata maji, ukazuka ugomvi, akakiita Eseki. Wakachimba kingine, ugomvi tena, Sitna. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Sasa angalieni waliogombana. Si Isaka na Abimeleki. Ni wachunga mifugo wa pande mbili. Wakubwa walikuja baadaye, Abimeleki pamoja na Ahuzathi na Pikoli mkuu wa jeshi, wakafanyiwa karamu, na asubuhi wakaapiana. Siku ile ile watumishi wakaleta habari kwamba wamepata maji. Sisi wahubiri tunapenda sana kile kiapo, hata mimi nimekihubiri mara nyingi. Siku hizi ninakaa zaidi na wale wachunga mifugo. Wao ndio waliojua ng'ombe wangapi wanakunywa, saa ngapi, na maji yameshuka kiasi gani. Katika sura yote sioni mahali walipoulizwa kabla ya ugomvi kuanza.

Nina sababu ya kusema hivi, nayo si nzuri kwangu.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na maelfu tukavuka mpaka kupitia Busia na Malaba. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Kabla ya kupelekwa Mulanda, na baadaye katika mwaka huo wa 2008 kuletwa huku Kiryandongo, tulikaa majuma machache gombolola ya Mella, wilaya ya Tororo, nyumbani kwa mama mmoja mjane wa Kiteso. Wateso, kama mnavyojua, wako pande zote mbili za mpaka, hivyo kwake sisi hatukuwa watu wa ajabu. Alitupa chumba na wimbi kutoka ghalani mwake. Kisimani kulikuwa na desturi kwamba mwenye mtoto mgongoni huchota kwanza. Mke wangu, mgeni kabisa, alipishwa siku ya kwanza bila kuulizwa jina.

Siku moja wakaja wageni na gari. Wakataka orodha ya mahitaji yetu, na kwa kuwa mimi nilijua kuandika vizuri, nikapewa kalamu. Niliandika mablanketi, sufuria, unga, sabuni. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kwa upole, "Na kisima?" Pampu ilikuwa imeanza kulia kwa sababu foleni ilikuwa imeongezeka mara mbili tangu tufike. Nilimjibu kwamba orodha hii ni ya wakimbizi. Akanyamaza, akaenda kupika, nasi tukala chakula chake jioni hiyo.

Mablanketi yalikuja. Miaka michache baadaye nilipita Mella kumsalimu, nikamkuta anachota maji mtoni. Pampu ilikufa mwaka ule ule tulioondoka, na vipuri havikupatikana kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Alinipa kiti na kuniuliza habari za mtoto. Wapendwa, nimesoma chuo cha Biblia na nimefundishwa dhambi za kila aina, lakini ile ya kuandika orodha nusu niliifundishwa na mama huyu.

Hiyo ni dhambi rahisi kuitenda, hasa kwa mtu wa mpakani. Mella hupeleka mahitaji yake kutoka kijijini hadi parokia ya serikali (si ile ya Kikatoliki!), kisha gombolola, kisha wilayani Tororo. Ng'ambo, tangu katiba ya Kenya ya mwaka 2010, wananchi hutoa maoni yao katika wadi, na mpango unaandikwa na Kaunti ya Busia. Hizo ni orodha mbili, serikali mbili, ilhali mama wa huku na wa kule wanauza nyanya soko moja. Mwaka 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, na maofisa wa Kenya na Uganda wakawa wanahudumia watu ndani ya jengo moja. Ikiwa malori yamewakalisha pamoja maofisa wa serikali mbili, je, jerikeni haliwezi kutukalisha sisi?

Maana na huku tuna orodha mbili. Sisi tuna kamati zetu za wakimbizi, wenyeji wana LC yao. Kwa utaratibu wa Uganda, asilimia 30 ya misaada inayoletwa kwa ajili ya wakimbizi inatakiwa kuwafikia wenyeji. Ni utaratibu mzuri. Lakini nimesikia kwa masikio yangu watu wetu wakisema, "Hiyo ni mali yetu wanakula," na wenyeji wakisema, "Ardhi ni yetu, kwa nini 30 tu?" Kisima chetu hakijui hesabu hiyo. Wanakinywea Wakenya wa mwaka 2008, ndugu zetu wa Bududa waliohamishiwa huku baada ya maporomoko ya Machi 2010, Wasudani Kusini waliokuja tangu Desemba 2013, Wasudani wa mwaka 2023, na wenye kijiji.

Najua mioyo imechoka. Tangu mwaka 2020 chakula kimepunguzwa mara kwa mara, na mwaka 2023 tuligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji. Wapo wajane kati yetu ambao hadi leo hawaelewi kwa nini waliwekwa kundi walilowekwa. Basi sisi tunajua uchungu wa kupangwa na mtu asiyeijua sufuria yako. Tukishika kalamu wenyewe, tutawapanga wenzetu vile vile?

Mzee mmoja aliniambia, "Mchungaji, sisi ni wapita njia, tengeneza kanisa watu waabudu." Ninamheshimu. Lakini Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, sura ya 29, wajenge, wapande bustani, na wautafute usalama wa mji ule waliopelekwa. Wao pia walikuwa na hamu ya nyumbani, wala mji ule haukuwa wao.

Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni majina ya Kiyunani. Tazama! Kanisa lilikabidhi ugawaji mikononi mwa watu waliotoka upande uliolia. Huu ni ujasiri ambao bado hatujawa nao. Kamati yetu ya ujenzi ina wanaume tisa, na sijui hata mmoja anayechota maji.

Kwa hiyo nimewaomba wazee, nao wamekubali baada ya mashindano marefu kidogo, kwamba fedha za mabati zisiguswe kwa sasa. Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka usiku akaukagua ukuta kabla ya kumwambia mtu neno lolote. Nasi tukague kwanza. Jumamosi hii, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni, akina mama wawili wa kanisa letu na wawili wa kijiji cha wenyeji watakaa pale kisimani na daftari moja. Wataandika nani amekuja, ametoka wapi, amengoja muda gani, na ameondoka na nini. Mwenyekiti wa LC amekwisha ambiwa, na mwenyekiti wetu wa kamati pia. Yule dada wa jerikeni tupu ndiye atakayeshika kalamu.

Kisha Jumapili, baada ya ibada, tutakaa chini ya mwembe pamoja na jirani zetu, wa makanisa mengine na Waislamu pia, na daftari litasomwa kwa sauti. Waliochota watasema kwanza, wazee tutasema mwisho. Ikionekana kwamba pampu itangulie na paa lingoje, nitawaomba mkubali, hata wewe uliyechanga shilingi zako za mwisho kwa ajili ya mabati. Nami nimechanga. Ikionekana vinginevyo, nitanyamaza.

Mabati 12 yaliyokwisha nunuliwa yako nyumbani kwa mtunza hazina, yamefunikwa. Vijana, msiyakalie. Akina mama wa zamu ya Jumamosi wapelekewe chai na viazi saa nne. Familia mbili zimejitolea, bado tunahitaji ya tatu.