Diski ya breki na haki ya abiria

Anayetoka Newala kwenda Masasi anateremka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na breki hupata moto hasa. Sisi wa Lulindi tunalijua hilo.

Diski iliyolika hupelekwa kuchongwa, ikarudi inang'aa kama mpya. Kuchonga si kosa. Lakini kila inapochongwa hupungua unene, na diski nyembamba huwahi kupata moto. Kiwango cha chini cha unene kwa kawaida kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Fundi mwenye kipimo hahitaji kubahatisha. (Zile za matundu kwa gari la kawaida ni mapambo tu. Diski ya kawaida yenye unene kamili yatosha.)

Mwenye gari husema: "Mimi nimeridhika nayo, natawakali." Sawa, karidhika yeye. Je, abiria wa kiti cha nyuma kaulizwa?

Ninapofundisha mlango wa biashara, nawaeleza wanafunzi kwamba fiqhi humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa aliyofichwa kasoro yake. Abiria naye kalipa nauli, kasoro kafichwa, na akishafika katikati ya mteremko hana cha kurudisha.