Sanadi ya Kifurushi

Anayeandika “apt install”, amri ya kusakinisha programu, kwenye kompyuta yenye mfumo wa Debian, akatanguliza “sudo” na kutia neno lake la siri, anafanya tendo la imani. Kwa muda mfupi anawakabidhi watu asiowajua mamlaka yote: skripti za kifurushi huendeshwa kwa uwezo wa mtumiaji mkuu, ambaye hakuna faili asiloweza kuligusa. Je, anajua alichokipokea, au ameamini tu?

Swali hili ni la kale kuliko kompyuta. Wanazuoni wa hadithi waliishi nalo karne nyingi: ambaye hakumwona Mtume atajuaje kwamba neno fulani ni lake kweli? Jibu lao lilikuwa sanadi. Hadithi ilikuja na mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, na kila mmoja akachunguzwa: aliishi lini, alikutana kweli na anayedai kumsikia, alikuwa mwadilifu, hifadhi yake ilikuwa imara?

Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, umejijengea mlolongo wake. Apt hulinganisha alama ya hesabu ya kila kifurushi na ile iliyomo kwenye orodha rasmi, na orodha hiyo nayo hulindwa na faili lenye sahihi ya kidijitali ya mradi. Nyuma ya hesabu hizo wako watu. Kwa desturi, wasanidi hukutana ana kwa ana na kuoneshana vitambulisho, ndipo mmoja hutia sahihi ufunguo wa kidijitali wa mwenzake.

Sahihi, hata hivyo, humthibitisha mtumaji. Nia yake haiigusi.

Hilo lilidhihirika tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alipotangaza alichokigundua ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alitumia jina la Jia Tan. Alianza kuchangia mwaka 2021, akafanya kazi nzuri kwa subira, huku majina mengine yakimshinikiza Lasse Collin, mtunzaji wa miaka mingi aliyejitolea bila malipo, agawane madaraka. Alipokabidhiwa, Jia Tan alitia sahihi matoleo hayo kwa ufunguo wake halali. Mlolongo haukukatika popote. Aliyeharibika ni mpokezi.

Na kuondoa? “Apt remove” hufuta programu na kuacha mafaili ya mipangilio. “Apt purge” huondoa na hayo. Hakuna kati ya amri hizo inayofuta yaliyotendwa kifurushi kilipokuwa na mamlaka. Ndiyo maana openSUSE, mradi mwingine wa aina ya Debian, iliwashauri watumiaji wa mfumo wake wa Tumbleweed ambao SSH yao ilikuwa wazi kwenye intaneti wasakinishe mfumo upya. Debian ilirudi kwenye toleo la zamani la xz, lakini kwa kuwa apt kwa kawaida haishuki namba, ililiita 5.6.1+really5.4.5: hata kurudi nyuma kuliandikwa kama kwenda mbele. Imani iliyokwisha kutumiwa hairudishwi kwa amri.

Wanazuoni walikuwa na daraja jingine la yakini: mutawatir, habari iliyopokewa na wengi, kwa njia nyingi, kiasi kwamba haiwezekani wote wawe wamekubaliana kusema uongo. Debian inaelekea huko kwa juhudi iliyoanza mwaka 2013, ambapo watu mbalimbali huunda kifurushi kutoka msimbo uleule, kila mmoja kwenye mashine yake, kisha hulinganisha matokeo baiti kwa baiti. Yakilingana, hakuna anayelazimika kuiamini mashine ya mtu mmoja.

Njia hiyo hufichua hila iliyoingizwa wakati wa kuunda. Hila iliyomo ndani ya chanzo chenyewe itarudiwa na wote kwa uaminifu kamili, na hapo uchunguzi hurudi kwa mtu: nani anautunza msimbo huu, nani anausoma pamoja naye, amechoka kiasi gani? Mashirika yanayoendesha seva zao kwa kazi ya bure ya mtu kama Collin yana deni kwake, na sehemu ya kwanza ya kulilipa ni kumpa msomaji wa pili wa msimbo wake, mwenye mshahara.