Nani Aseme, “Inatosha”?

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: 1 Fal. 18:46, 19:3–8, 1 Kor. 6:19, 20, 9:24–27, Gal. 6:2.

Tarehe 13 Julai 2014, Ujerumani na Argentina zilikutana jijini Rio de Janeiro katika fainali ya Kombe la Dunia. Mapema katika kipindi cha kwanza, kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa kichwani na bega la mpinzani. Alianguka, akahudumiwa, akainuka, akaendelea kucheza. Baadaye alimwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamwuliza kama mchezo ule ulikuwa fainali kweli. Mwamuzi alidhani anatania. Alipoona sivyo, alimweleza Bastian Schweinsteiger, mchezaji mwenzake Kramer, na katika dakika ya 31 Kramer akatolewa. Baadaye Kramer alisema kwamba hakumbuki karibu chochote cha kipindi kile.

Kwa zaidi ya dakika kumi, kijana yule alikimbia mbele ya macho ya ulimwengu bila kujua vizuri alipo. Hapa linazuka swali linalotuhusu sote: mtu akitaka kuendelea huku ameumia, je, uamuzi si wake?

Wengi wetu tumefundishwa kuheshimu uvumilivu, na ni vema. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni na kuumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea, akamaliza akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hii husimuliwa hata mimbarani, nasi huguswa nayo. Lakini tuangalie tofauti iliyopo. Akhwari aliumia mguu. Akili yake ilikuwa timamu, naye alijua gharama ya kila hatua. Kramer aliumia kiungo kile kile ambacho kilipaswa kuamua kama ameumia. Hakimu mwenyewe alikuwa majeruhi.

Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya michezo hawamwachii mchezaji uamuzi huu. Mwongozo wao uliotolewa baada ya mkutano wa Zurich wa mwaka 2012 unasema kwamba mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi uwanjani siku hiyo hiyo. Si lazima awe amezimia. Kuchanganyikiwa, kusahau, kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu vyatosha kumtoa nje. Akigongwa tena kabla ubongo haujapona, hatari ni kubwa zaidi, na hasa kwa vijana kifo kimewahi kutokea.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na 9:24–27. Je, mafungu haya mawili yanapingana?

Karibu na Korintho ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na washindi walivikwa taji la majani. Paulo aliwaandikia watu walioijua michezo hiyo. Katika sura ya 9 anasema kwamba anautesa mwili wake, na neno la Kigiriki alilolitumia linatoka katika masumbwi: kumpiga mtu chini ya jicho. Lakini katika waraka huo huo, sura tatu nyuma, amekwisha kusema kwamba mwili ni hekalu, na kwamba sisi si mali yetu wenyewe. Hapingani na nafsi yake. Anayetiishwa katika sura ya 9 ni tamaa, ili mtu asiwe mtumwa wa mwili wake. Kiasi, basi, kina pande mbili. Kuna siku kinamwambia mvivu, “Inuka.” Kuna siku kinamwambia mwenye bidii, “Keti.” Kwa mpenda ushindi, la pili ndilo gumu zaidi.

Soma 1 Wafalme 18:46 na 19:3–8. Mungu alimtendeaje mkimbiaji aliyechoka?

Eliya alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, akiomba afe. Mungu hakufuata uamuzi wa mtu aliyeishiwa nguvu, wala hakumkemea kwa udhaifu wake. Alimwacha alale. Akamlisha, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Upendo ulipima nguvu za Eliya wakati yeye mwenyewe hakuweza kuzipima.

Kuchukuliana mizigo kunaweza basi kumaanisha kuubeba uamuzi ambao ndugu yetu hawezi kuubeba. Tangu Julai 2024, sheria za soka zinayaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Hivyo kocha ana sababu moja pungufu ya kusita. Lakini katika kambi zetu za vijana hakuna daktari kando ya uwanja, na mara nyingi mwamuzi ni mzee wa kanisa mwenye filimbi. Mtoto akigongwa kichwa, wenzake watapiga kelele arudi, naye atasema hajambo. Mwenye filimbi na aseme, “Inatosha.” Na mtoto huyo akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.

Huenda timu ikafungwa. Lile ni taji la majani. Mtoto amenunuliwa kwa thamani kubwa zaidi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kama Akhwari angekuwa mwanao, ungemwambia aendelee au aache? Kwa nini?

2. Ni wapi, nje ya michezo, tunawasifu watu kwa kuendelea wakati walipaswa kupumzika? Fikirini kuhusu kazi, masomo na hata huduma kanisani.

3. Ni nani aliye na ruhusa yako ya kukuambia, “Inatosha”? Alipokuambia mara ya mwisho, ulimsikiliza?