Kadi Isiyojua Toba

Wahenga walinena: uso umeumbwa na haya. Walikusudia kwamba watu wawili wakitazamana uso kwa uso, hapazuki ukatili kwa wepesi. Jicho huona jicho, na moyo hulainika. Je, hali huwaje pale uso unapotazamwa na kamera tu, kisha ukatiwa katika faili?

Swali hili lina historia yake mjini Paris. Mwaka 1879, kijana aitwaye Alphonse Bertillon aliajiriwa ukarani katika polisi ya mji huo. Picha za wahalifu zilikuwapo kwa maelfu, lakini hazikuwa na mpangilio. Mtu akinyoa ndevu na kubadili jina, aghalabu hapana aliyemtambua. Bertillon akabuni njia ya kupima mwili: kimo, kichwa, mguu, kidole cha kati. Picha nazo akaziwekea kanuni: moja ya uso, moja ya ubavuni, kwa umbali ule ule. Februari 1883, vipimo hivyo vilimfichua kwa mara ya kwanza mtu aliyejificha nyuma ya jina la uongo.

Si insafu kuibeza kazi hiyo. Anayetambuliwa kwa hakika huweza kuepushwa na adhabu ya mwingine, na aliyeibiwa ana haki ya kumjua mwizi wake. Lakini mwaka 1885 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwahamisha maisha, katika makoloni ya mbali kama Guiana, watu waliorudia makosa. Hata wezi wa vitu vidogo, makosa yao yakitimia idadi iliyowekwa, waliingia humo. Hapo kadi ikawa na uzito mpya. Iliweza kusema, "Huyu ndiye yule." Haikuwa na mahali pa kuandika, "Huyu si yule tena."

Uingereza, Francis Galton alitaka zaidi. Alizipandanisha picha za wafungwa katika bamba moja, akitaraji auone uso wa uhalifu wenyewe. Kamera ikamkatalia. Kila nyuso zilipoongezwa, kasoro za mmoja mmoja zilififia, ukabaki uso wa mtu wa kawaida. Mwaka 1878 Galton mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba kilichoshinda ni ubinadamu ulio chini ya nyuso zote. La kusikitisha ni kuwa hakuufuata ushahidi wake. Aliendelea kuamini kwamba wanadamu wapangwe na kuzalishwa kwa ubora wa mbegu.

Basi tupambanue mambo mawili. "Ni nani?" ni swali ambalo kipimo huweza kulijibu. "Ni mtu gani?" ni swali jingine, na jibu lake hubadilika maadamu mtu yu hai. Sisi wa pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba mlango wa toba haufungwi hadi pumzi ya mwisho. Anayeliamini hilo hawezi kuridhika na picha ya siku moja, iliyopigwa katika saa mbaya kuliko zote za maisha ya mtu, iwe ndiyo sura yake milele.

Leo kompyuta husoma nyuso kwa mamilioni, na kwa kasi ambayo Bertillon hakuiota. Tuziulize jina la mtu, ikibidi. Tabia yake tukamuulize mwenyewe, tukimtazama usoni.