Mjane Asisomwe Peke Yake

Mwanangu, nimesikia umepewa mahubiri ya Jumapili ya harambee, na kwamba kamati imekuchagulia hata somo: mjane wa senti mbili. Sishangai. Tangu tuanze kuchangia ule ukumbi, mama huyo huletwa kila mwaka kutuaibisha. Anaingia, anatoa, anasifiwa, anaondoka, nasi tunafungua pochi. Nimekaa kwenye kiti cha wazee miaka mingi, na nimechoka kumwona akitumwa.

Sikukatazi kumhubiri. Nakuomba tu umsome pamoja na majirani zake. Fungua Marko sura ya 12, uanzie mistari michache kabla hajatokea. Yesu yuko hekaluni, anawaonya watu juu ya walimu wa sheria wanaopenda kanzu ndefu, salamu za sokoni na viti vya mbele. Hao, anasema, wanakula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Hata hajamaliza vizuri, anaketi kuelekea mahali pa sadaka. Na nani anakuja? Mjane, tena maskini, mkononi ana sarafu mbili ndogo kuliko zote, nazo ndizo riziki yake yote. Sasa geuza ukurasa. Wanatoka nje, mwanafunzi mmoja anashangaa ukubwa wa mawe na uzuri wa majengo, naye Yesu anamjibu kwamba hapo halitasalia jiwe juu ya jiwe.

Umeona? Mama ametoa chakula chake kwa jengo ambalo hukumu yake iko mlangoni. Yesu anasema ametoa kuliko matajiri wote, lakini hakuna mahali anapowaambia wanafunzi waende wakafanye kama yeye. Kuna wasomi wanaosema maneno yale ni ya kulia wala si ya kusifu. Mimi nasikia sifa na kilio pamoja, na kilio ndicho tulichokiacha nje ya lango la kanisa.

Kosa si letu peke yetu. Marko hakuandika sura wala mistari. Sura tunazozitumia zinatokana na kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Tunawashukuru, maana bila wao tungepotezana katikati ya ibada. Ila kisu chao kilipita katikati ya mjane na yale mawe, na tangu hapo wengi wetu husoma hadi mwisho wa sura ya 12, tukafunga kitabu, tukapitisha kikapu. Ni kama mtu aliyepanda matatu ya 46 ya Kawangware pale Kencom, katikati ya Nairobi, akashuka njiani pale Yaya, kisha akaanza kutusimulia habari za Kawangware.

Wale wanaohubiri kwenye bustani ya Jeevanjee saa ya chakula siwalaumu. Makarani wana dakika chache warudi ofisini, na mhubiri hana budi kukata kipande kinachoshikika. Wewe una nusu saa, una kikundi cha Alhamisi, na una masomo ya jioni unayoyalipia kwa shida. Huna sababu ya kukatakata.

Najua pia kinachokusumbua. Ulikuja kwangu uso umekukunjamana kwa sababu mwalimu aliwaambia kwamba Marko katika nakala mbili kuukuu za karne ya 4, ya Vatikano na ile ya Sinai, inaishia wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu bila kumwambia mtu neno. Ukauliza kama imani imebomoka. Mwanangu, Biblia nyingi za siku hizi zina mabano au maelezo mahali hapo; jambo hilo halikufichwa, ila hatukuwa tukiangalia. Na mwisho ule mkali unafanana na kitabu chenyewe. Wasomi wengi hukiweka karibu na mwaka 70, mwaka ambao jeshi la Roma liliteketeza hekalu la Yerusalemu. Waliokisikia kwanza walisomewa kwa sauti, wengi wao hawakujua kusoma, na habari ya mawe kuanguka haikuwa fumbo kwao. Mathayo, anayefuata njia hiyohiyo, anayabakiza mawe lakini mjane anamwacha. Luka anambakiza mjane. Usiwasukume waseme kwa sauti moja. Kanisa la kale lingeweza kubaki na kitabu kimoja, likabaki na vinne.

Wapo watakaosema hizi ni kelele za vyuo vya theolojia vya Karen na Ngong Road. Waambie wazee wetu wa huku Kikuyu walipata Agano Jipya kwa Kigikuyu mwaka 1926, na kufikia 1929, wamisionari wa Thogoto na wenzao walipokaza amri dhidi ya tohara ya wasichana, watu walikuwa tayari wanauliza: imeandikwa wapi? Juu ya tohara yenyewe sitawatetea, na leo sheria imeikataza. Lakini swali lao lilikuwa swali la msomaji, na makanisa na shule za kujitegemea zilizaliwa humo.

Na usidhani mambo haya hayagusi hazina. Novemba 2024 Rais alitoa mamilioni katika kanisa Katoliki la Soweto, upande wa mashariki wa jiji, kwa ajili ya nyumba ya mapadri na kwaya. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Watu walibishana wiki nzima kwenye matatu, na sikumsikia hata mmoja akipataja mahali pale pa sadaka hekaluni, ambako matajiri walitia nyingi na Yesu akakaa akiwatazama. Sisi huwa tunamtangazia mheshimiwa kiasi chake kwa kipaza sauti, kisha tunamhubiria mama muuza mboga wa Kawangware kuhusu senti mbili. Mama huyo nimemwona akikopa kwa simu ili jina lake lisikose kwenye orodha.

Basi fanya hivi. Alhamisi usihubiri. Someni Marko yote kwa sauti, kwa zamu, tangu mwanzo hadi wanawake wanapokimbia. Haifiki saa mbili. Chai isitolewe katikati. Mkifika kwa mjane usisimame kueleza. Pita naye moja kwa moja hadi kwenye mawe, kisha nyamaza, uwasikie watakachosema wenyewe, hasa akina mama wa jikoni. Mahubiri yako ya Jumapili yatatoka humo. Yakipunguza mchango, mhazini atakutafuta. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma, na kwamba jioni huwa niko nyumbani.